Ile listi, ni mimi niliiandika

Maneno ya ndugu yetu mumoja mbele ya finalisti, Lubumbashi. Tumeyaacha sawa vile aliyasema. Tumepunguza paka fasi zenye watu walikuwa wanacheka na sauti haikusikilika.

Jambo ku finalisti, jambo ku wale wa mwaka wa kwanza wenye wamekuya kusikiliza tu, na jambo ku wamama wawili wenye niko naona pale nyuma karibu na jenereta. Sijui kama wanatafuta watoto wao ama wanataka tu kushajia telefone. Yote iko muzuri, karibuni.

Waliniomba niseme juu ya maisha ya chuo, mbele ya kolasio. Ku karatasi waliandika "ushuhuda wa muhitimu". Muhitimu ni mimi. Niko na miaka 26, nilisoma biashara na mahesabu miaka tano, na leo asubui, mbele ya kufika hapa, nilikuwa mu kabini ya binamu yangu nauzisha kredi ya telefone, juu yeye alienda ku kilio. Siku mbili mu juma, njo kazi yangu ile. Siku zengine natembeza karatasi.

Karatasi yenyewe nayo iko na hadisi. Memware yangu niliitetea, sasa ni miaka mbili. Ile siku walinimwangia poda mpaka mu masikio, mama akapiga vigelegele mpaka mulinzi akakuya kuangalia kama kuna mutu amekufa, tukapiga foto na watu wenye hata sikuwajua. Lakini diploma, hapana. Walinipa atestasio, ukurasa moja na muhuri ya blu. Nimeifotokopi mara mingi mpaka ile ya kwanza imefifia, na ku kopi ile muhuri imekuwa sawa doa ya mafuta. Kila fasi naingia kuomba kazi wananiuliza: "Na diploma?" Najibu: "Itatoka ku kolasio." Kolasio iliwekwa, ikasukumwa, ikawekwa tena, ikasukumwa tena. Sasa ni Jumamosi hii. Toga nimekodisha. Iko ku nyumba, mama ameitundika ku mulango ya chumba yake, kila mara anapita anaigusa.

Jina ya chuo yangu sitaitaja. Wenye kunijua wanajua, na kitu chenye nitasema hakikuwa cha nyumba moja.

Nianze na mazuri, juu yalikuwako.

Mwaka wa kwanza, saa kumi na moja ya asubui, kungali giza, tulikuwa tayari mu barabara kutoka Katuba, kwa miguu, juu franga ya taksi-basi ilikuwa ya kurudia tu. Oditwari yetu ilikuwa na viti vya watu 200, na sisi tulikuwa zaidi ya 300. Mwenye alifika saa kumi na mbili aliikala. Wa saa moja alisimama ku dirisha. Wa saa mbili alisikilizia inje, na wale wa inje walikuwa wanaandika mu kaye yenye wameweka ku mugongo ya mwenzao. Kuna kijana mumoja aliandika karibu somo yote ya mahesabu ya mwanzo ku mugongo yangu, na mimi nilikuwa naandika yangu ku mugongo ya dada mumoja wa Ruashi mwenye alikuwa analalamika ati kalamu yangu inamutekenya. Njo vile nilipata rafiki zangu, kwa mugongo.

Ule kijana wa mugongo yangu, mumuweke mu kichwa. Nitarudi kwake.

Saa sita tulikuwa tunakotisha. Mumoja franga mia tano, mumoja mia mbili, mwengine hana kitu lakini anajua mama mwenye anauzisha bukari na anaitika deni. Watu saba, sahani mbili, lengalenga na bitoyo kidogo, na munkoyo moja inazunguka. Nimekula fasi zengine muzuri kisha pale, ku arusi, hata mara moja ku hoteli ya mujini juu ya semina, lakini sijashiba tena vile.

Na kulikuwa muzee wa vitabu. Alikuwa anapanga vitabu vya zamani chini ya muembe, ku ukuta, ingine haina ganda, ingine panya wamekula. Alikuwa ametandika gunia, anaikala ku kiti ya plastiki. Ukitaka kitabu anakuuliza mbele: "Utakisoma ama utakiweka?" Kama unasema utakisoma, bei inashuka. Njo kwake tulisomaka kweli. Ni yeye alitueleza vile iniversite ya muji hii ilianzishwa 1955, wakati muji ilikuwa bado Elisabethville. Vile Mobutu alichukua iniversite zote za inchi 1971 akazifunga mu kitu kimoja chenye waliita UNAZA. Vile 1981 wakazitenga tena, njo ikazaliwa jina UNILU. Alitueleza juu ya Mudimbe, mutoto wa Likasi, mwenye alifundisha hapa mbele ya kuhama inchi na kuwa profesa mwenye dunia inasoma. Sisi tulikuwa tunajua majina ya wachezaji wote wa Mazembe. Mudimbe tulikuwa hatumujui.

Na ni yeye alitueleza 1990. Alikuwa mwanafunzi wakati ile. Tarehe 24 mwezi wa nne 1990 Mobutu alisema chama kimoja kimekwisha, vyama vingine vinaweza kuzaliwa. Wanafunzi wakaamini, wakaanza kusema kwa sauti. Mu kampasi kulikuwa watu wenye walikuwa wanapeleka habari ku walinzi wa usalama, wanafunzi wakawatafuta, kukawa kupigana. Kisha, usiku ya tarehe 11 kuamkia tarehe 12 mwezi wa tano, umeme ikakatika, na watu wenye silaha wakaingia mu vyumba vya wanafunzi. Muzee alikuwa anafika pale ananyamaza kwanza, anapanga vitabu upya vyenye vilikuwa vimekwisha kupangwa. Leta ilisema mufu ni mumoja. Wengine walisema makumi, wengine walisema mamia. Ubelgiji ikasimamisha musaada yake. Miaka zaidi ya 30 imepita na hesabu haijakubaliwa.

Siku moja nikamuuliza, sawa mwanafunzi wa mahesabu: "Muzee, namna gani watu wanaweza kukosa kuhesabu wafu wao?" Akanijibu: "Hakuna mwenye aliandika. Kila mutu alikimbia na jina ya rafiki yake mu kichwa, na kichwa zikazeeka."

Hayuko tena, ule muzee. Nilikuwa nataka tu mujue alikuwako.

Sasa niingie mu kile kilinileta. Sikuwaambia wenye walinialika, muniwie razi.

Mwaka wa tatu nilikuwa shefu wa promosio. Tulikuwa 140, juu kufika mwaka wa tatu wengine walikuwa wamekwisha kuanguka ama kukosa minervali. Mama yangu anauzisha bunga ku meka mu soko ya Kenya, na minervali yangu ilikuwa inatoka mu ile bunga, meka moja, meka mbili. Nasema vile musifikiri nilikuwa mutoto wa tajiri. Kuwa shefu kulinifurahisha. Kubeba krayo za profesa, kushika listi ya waliokuya, kusema "munyamaze" na watu wananyamaza, tamu ile mutu anaisikia.

Juma tatu mbele ya egzame, asistani wa somo ya fiskalite aliniita. Fiskalite ni somo ya kodi. Akanifungia mulango, akanipa kiti. Akaniuliza: "Shefu, promosio yako inajua kuishi?"

Hakusema franga. Hakusema rushwa. Ni ile tu: inajua kuishi? Na mimi, juu nilikuwa nataka kuonekana mutu mukubwa, nikajibu: "Inajua, asistani." Akaandika namba ku karatasi kidogo, 12, akanionyesha, akaipasua. Dola 12 kila mutu.

Nataka kusema kitu moja juu ya ule baba, siko namutetea. Alikuwa anafundisha miaka mingi bila kuingia ku listi ya mushahara ya leta. Munajua, wako wengi vile mu inchi hii, wanafundisha wanangojea jina itoke Kinshasa. Alikuwa na watoto wane. Viatu vyake tulikuwa tunavijua. Siku ile, mbele ya kulala, nilijiambia: ni sawa tunamulipa mushahara yenye leta haimupi. Maneno ile ilinisaidia kulala.

Nikanunua kaye mupya. Nikachora mistari: namba, jina, franga yenye ameleta, franga yenye imebakia. Chini ya kila ukurasa nikaweka jumla, nikaipeleka juu ya ukurasa yenye inafuata, sawa vile tulifundishwa. Juma moja na nusu nilikuwa naikala ku meza ya nyuma, wanakuya mumoja mumoja. Watu 118 walilipa. 118 mara 12 ni dola 1.416. Ilikuwa mahesabu yangu ya kwanza kabisa yenye iliingiana bila kukosa hata senti. Nilipeleka mu bahasha ya kaki. Asistani hakuhesabu. Alitoa dola 20, akanirudishia: "Ya transpori, shefu." Na jina yangu mimi haikuwa mu kaye. Shefu halipe.

Watu 22 hawakulipa. Wengine walikataa juu ya kanisa yao, wengine kwa hasira, wengi juu hawakuwa na kitu. Kati yao alikuwa ule kijana wa mugongo yangu.

Baba yake alikuwa amekufa mwezi ule. Alinikuta ku mulango ya oditwari, kesho yake ya bahasha, na aliniambia polepole: "Shefu, uniandike. Mwisho wa mwezi nitakuletea." Nikamujibu: "Asistani haitike deni." Ilikuwa kweli, hakuwa anaitika deni. Lakini saa ile ile, mu mufuko wa suruali yangu, zile dola 20 zilikuwamo. Dola 12 ingetoka pale, na mimi ningebaki na 8. Sikufikiri hata kidogo. Nasema vile juu watu wengine wananiambia, labda ulijaribiwa, ulipigana na roho. Hapana. Haikunifikia mu kichwa. Nilienda kununua viatu.

Deliberasio ikatoka. Wale 118 wote walipita ile somo, hata mumoja mwenye siku ya egzame alikuwa Kasumbalesa ku kilio. Yeye hakuandika egzame, alipata 11. Mimi nilipata 16 ku 20, na silabusi yangu ya fiskalite ukurasa zilikuwa bado zimeshikana. Kati ya wale 22, wane walipita. Kumi na nane walianguka, na mu sesio ya pili bei ilipanda.

Ule kijana hakurudi mu sesio ya pili. Alikuwa anahesabu muzuri kunipita. Tulisikia yuko Kolwezi anachimba, kisha tukasikia hapana, kisha hatukusikia tena.

Sasa mungoje, juu Mungu naye anapendaka mizaha. Mwaka jana kampuni moja ya sutretansi, wale wenye wanafanyia migodi kazi, iliniita ku mahojiano. Wengine mu promosio yetu hawajaitwaka hata mara moja, kwa hiyo mama alikuwa ameanza kushukuru mbele. Niliingia, shati ya kukopa. Mama mumoja wa kuheshimika akanipa faktire ya dola 1.160, TVA ndani. Akaniuliza: "TVA ni ngapi hapa?" TVA ya inchi yetu ni 16 ku 100, tangu 2012, kila mutu anajua. Nilipiga 16 ku 100 ya 1.160. Nikasema kwa nguvu: "Dola 185 na senti 60."

Wenye wamesoma fiskalite kweli wako wanacheka pale mbele. Jibu ni 160. Bei bila kodi ni 1.000, kodi ni 160. Mutoto wa mwaka wa tatu anajua. Ule mama hakunicheka. Aliandika kitu kidogo ku karatasi, akasema asante, tutakupigia. Nilipofika mu barabara njo niliona kosa, nikasimama pale pembeni ya malori ya shaba yenye inaenda Kasumbalesa, nikahesabu tena ku mukono, 160, 160.

Siko nasema sina kazi juu ya ile listi. Ingekuwa uongo. Muko munajua hii muji. Inchi yetu inatoa kobalti zaidi ya nusu ya ile dunia nzima inatumia, na mutoto wa Lubumbashi mwenye diploma anauzisha kredi ya telefone. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki ya kila Mukongomani, na leta inamuhakikishia, na inamulinda asikose kazi. Muisome, iko fupi. Ile deni ya leta kwetu iko palepale, tutaendelea kuidai, na kwa ile sijachoka. Lakini mu mwezi ile, mbele ya ule mama, hakukuwa leta. Kulikuwa mimi na faktire.

Ile yote ningeweza kuiacha mu roho. Juma tatu zimepita, nilitoka Kenya, nilikuwa naenda mujini kukodisha toga. Nikasimamisha moto. Manseba akavua kofia ya chuma kunipangia bei, nikamuona: ni yeye.

Hakushangaa. Akasema: "Shefu! Franga elfu mbili." Nikapanda. Njiani hakuna mwenye alisema kitu. Mu mataa ya kwanza, moto imesimama, nikamuambia ku sikio, juu kumuangalia mu macho sikuweza: "Ile mwaka, nilikuwa na franga mu mufuko. Ningeweza kukulipia."

Akanijibu bila kugeuka, na niyaseme sawa vile aliyasema: "Minajua. Minakuonaka kule nyuma, uko unahesabia, unalamba kidole sawa mutu wa banki. Batu bote balijua shefu anakulaka kidogo."

Mataa ikafunguka. Tulipofika nikamupa elfu tano, akanirudishia elfu tatu, moja moja, zote. Akauliza: "Na ule baba, angali anafundisha?" Nikasema ndiyo. Akauliza: "Na ile kaye, iko wapi?"

Kaye iko ku nyumba. Iko chini ya sanduku ya mama. Sikuitupa juu mutu wa mahesabu hatupake kaye, ni ujinga ya kazi tu. Lakini kutoka ile siku sijalala muzuri. Nikaitoa, nikaisoma, ukurasa kwa ukurasa, majina 118. Juma iliyopita nimeongeza musitari moja chini, na tarehe ya leo leo, si ya zamani, nisidanganye tena: namba 119, jina yangu, dola 20, zimepokelewa.

Na mu juma ile ile, mumoja wenu, mwenye iko hapa na sitamuangalia, aliniandikia. "Yaya, listi imefika kwetu. Ni dola 20 sasa. Inafungwa Ijumaa, egzame ni Jumatatu. Nifanye nini?"

Njo sababu nimesimama leo na si juma yenye inakuya.

Rafiki zangu wa harakati wameniambia, na wamenipenda kwa kuniambia: "Ungoje. Jumamosi ipite, uvae toga, ushike diploma, alafu useme." Mama sijamuambia bado. Nitamuambia leo usiku. Sijui kama Jumamosi jina yangu itaitwa. Inaweza kuitwa, chuo inaweza kufanya sawa haikusikia. Inaweza kutoitwa. Sheria ya tarehe 29 mwezi wa tatu 2005 juu ya rushwa inaangalia mwenye kupokea na mwenye kutoa, na mimi nilikuwa mukono yenye inabeba katikati. Muavoka mwenye anatusaidiaka amenieleza ile yote, na uso yake haikuwa inacheka.

Lakini nikingoja Jumamosi, Ijumaa itakuwa imepita.

Sasa kwa ule mwenye aliniandikia. Nilikuwa nataka kukujibu "usilipe" tu, sawa vile tunaandikaka ku bango. Nimeshindwa, juu ninajua hesabu. Wetu 22 hawakulipa, 18 wakaanguka. Ukikataa peke yako, utaanguka, na hakuna mwenye atakuja kukupigia makofi. Watu 18 wakianguka, wanasema ni wavivu. Promosio nzima ikikataa, watu 140 wakaanguka somo moja siku moja, juri itapashwa kuuliza kitu, hata kama haitaki. Asistani naye anajua ile hesabu. Njo maana hakuyaka mwenyewe mbele ya watu kuomba. Anatafutaka shefu.

Kwa hiyo nasema na mashefu wa promosio. Muko wangapi hapa? Munyanyue mikono. Wane. Watano. Wandugu, ule baba hana kaye. Hana listi. Hajui nani amelipa na nani hajalipa, mpaka wewe umuandikie. Akikuuliza kama promosio yako inajua kuishi, usimujibu siku ile. Sema utawauliza. Kisha uwaulize kweli, wote, kwa sauti, mulango wazi, si mumoja mumoja ku meza ya nyuma. Ile mumoja mumoja njo ilituua sisi. Kama ningesimama mbele ya wale 140 na kusema kile alinionyesha ku karatasi, sijui kama watu 30 wangelipa.

Na wenye wataanguka kwa ile, muombe rekuru, kwa maandiko, mubaki na kopi, muandike tarehe na jina ya mwenye alipokea barua. Harakati itasindikiza kila barua. Tumekubaliana juu ya ile jana, si ahadi yangu peke yangu.

Wenzangu wa promosio yetu, nimewaandikia wale wenye namba zao ningali nazo. 31 wamejibu. Tisa wamesema watasaini. Mumoja ameniambia niko naharibia watu kazi, na iko na kazi kweli, na sijui cha kumujibu. Wengine wamenibloka. Majina yao sitayaonyesha mutu, wasiogope. Nimefunika ukurasa zote na karatasi nyeupe, nimeacha paka musitari ya 119. Mwenye anataka yake ifunuliwe, akuye aifunue na mukono yake mwenyewe.

Manseba nimemualika leo. Alisema versema ya mwenye moto haingojeke, akiweza atapita. Nimeangalia mulango tangu nimeanza, bado.

Alhamisi, kutoka saa tisa mpaka giza, nitaikala pale ku muembe, ku ukuta, fasi ya muzee wa vitabu. Nitakuwa na kaye, na karatasi ya kusaini kwa wale wa promosio yetu na kwa yule yote wa promosio ingine mwenye aliwahi kulipa ama kulipisha. Kalamu nitaleta mbili, juu ile yangu ya blu inakatakataka wino.